Binamu wa Konyeza

Kadutu, mlimani, pale ambapo mvua
hushuka na udongo, na mara nyingine na nyumba nzima,
kelasi yetu ilikuwa na hadubini moja.
Taa yake ilikufa kabla hatujazaliwa.
Prof Bahizire aliielekeza dirishani,
akageuzageuza kioo kama mtu anayejitafuta ndevu,
mpaka akapata kipande cha jua, akakishika pale.
"Fanyeni haraka. Wingu la Kahuzi haliombi ruhusa."

Maji yalitoka ziwani, upande wa Nguba,
ndani ya bidoni ya njano niliyoibeba mwenyewe,
pamoja na majani yake na uozo wake.
Njia nzima nilinung'unika kwamba nimebebeshwa uchafu.
Kumbe nilikuwa nimembeba mwindaji.

Nikafumba jicho la kushoto.
Uzi wa kijani, haufiki punje ya mchele,
umesimama kwa mguu mmoja juu ya jani,
na kichwani minyiri sita
inapepea polepole,
kama vidole vya mama akipapasa kiberiti gizani.
Hana jicho. Hana sikio. Hana haraka.

Akaja kiroboto-maji, moyo wake unaonekana
ukidunda nje nje kama siri ya mtoto.
Akarukaruka. Akagusa mnyiri mmoja tu,
ncha yake tu,
kama unavyogusa kitenge sokoni bila nia ya kununua.

Basi.

Prof akasema: ngozi ya mnyiri imejaa vibweta,
kila kibweta kina uzi uliokunjwa, na uzi una mkuki,
na mkuki una sumu. Kinyweleo kikiguswa
kifuniko kinaruka, mkuki umekwisha kutoka
kabla "ah" haijafika mdomoni.
Haulengwi. Haukasiriki.
Unafyatuka kwa kuwa umeguswa.
Kisha mnyiri unajikunja, mwenzake unasaidia kuvuta,
na mdomo, ambao ndio mlango pekee wa nyumba ile,
unafunguka kuliko mwenyewe alivyo.

Moyo wa kiroboto uliendelea kudunda
ndani ya tumbo la kijani.
Nilihesabu. Nilifika kumi na tisa.
Halafu wingu.

Tukingoja jua, Prof akafunua kamusi.
"Huyu ana ndugu baharini, wakubwa kama miavuli,
minyiri yao mirefu kuliko foleni ya bombani.
Watu wa pwani huwaita konyeza."

Kelasi ikalipuka. Konyeza!
Kwa maana Cirhuza, benchi la nyuma,
tangu Januari alikuwa hana kazi nyingine
ila kunifumbia jicho moja.
"Prof, sumu yake inaua?" akauliza Nshobole, ananitazama mimi.
Prof, asiyejua kitu: "Inategemea ukubwa wa windo."

Cirhuza hakunikamata. Alikamatwa yeye.
Kamituga ilimgusa kwa ncha moja tu:
rafiki aliyerudi na simu mpya
na punje ya dhahabu ndani ya karatasi ya sigara.
Akaenda likizo ya Pasaka, siku kumi, alisema.
Kalamu yake ilibaki ndani ya benchi, haina kifuniko,
hadi wino ukakauka.
Mama yake bado anauza sambaza pale Nyawera.
Akinipimia, huongeza kiganja juu ya kiganja,
hahesabu, na haniambii kwa nini.

Sasa mimi ndiye ninayeshika kioo.
Bahari sijaiona bado.
Asubuhi ya leo mtoto mmoja, Asifiwe,
akainua uso, alama ya lenzi imemzunguka jicho:
"Madamu, kwani kiroboto hakuona?"

Nikamwambia aliona. Analo jicho moja, kubwa, jeusi.
Aliona kitu chembamba kinapepea
ndani ya maji yaliyotulia, na mwanga ulikuwa mzuri.

Akanyamaza. Akarudisha jicho lake.
"Bado unadunda," akasema,
na midomo yake ikaanza kuhesabu.